Saba Mara Nane kwa Njia ya Jirani

Siku mliyoniaga ofisini kwa walimu, mmoja wenu aliniuliza kwa nini katika miaka yangu yote sikuwahi kumtuma mtoto nyumbani akakariri jedwali la kuzidisha tangu mwanzo hadi mwisho. Kinywa changu kilikuwa kimejaa halua. Tena koo langu, kama mjuavyo, ndilo lililonistaafisha nikiwa na miaka arubaini na kitu, kabla nywele hazijaamua zigeuke rangi gani. Nikamjibu kwa mkono kwamba nitaandika. Basi nimeandika. Ya vyeo na mishahara nimeyaacha, kwa sababu cheo sikupata na mshahara mnaujua.

Mimi nimezaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, na miguu yangu haijapata kutulia. Baba alikuwa akiisimulia Moroni, kwao Komoro, kila baada ya sala ya Ijumaa, mpaka nikawa naikumbuka vizuri ilhali sijaiona. Nilipomaliza sekondari nilipanda meli kwenda kuhakikisha. Nilifika mwaka ule mamluki wa Kizungu walipoingia, majuma machache baada ya kumpindua rais na kumrudisha yule wa kwanza. Serikali iliyoanguka ilikuwa imewapeleka nyumbani watumishi wengi, na shule zilipofunguliwa upya walimu hawakutosha. Aliyemaliza sekondari na aliyeweza kusimama wima alipewa chaki. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha salamu tu. Wakanituliza kwamba watoto wadogo hawatagundua. Waligundua siku ya kwanza, kabla ya mapumziko. Mazungumzo nitakayoyaeleza hapa nayaweka kwa Kiswahili ili tuelewane. Wenyewe walisema kwa lugha yao, na mimi nilijifunza njiani.

Aliyenipokea ni Fundi Bakari. Huko fundi si seremala wala mshonaji, fundi ni mwalimu. Alikuwa mwembamba, mkavu, na shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi hata saa ya kutoka. Aliniweka nyuma ya darasa lake nitazame hesabu za kichwa. Kila mtoto alikuwa na kibao chake na kipande cha chaki. Fundi Bakari alitaja swali, akagonga meza kwa rula: fikirini. Akagonga tena: andikeni. Akagonga mara ya tatu, na vibao vyote vikapanda juu kwa pamoja. Mapigo yale hayakuharakishwa wala kucheleweshwa. Alipogonga, hata mimi nilitafuta chaki.

"Saba mara nane," alisema siku hiyo, na vibao vilipopanda, nusu vilikuwa vitupu.

Mapumzikoni nikamwuliza, "Fundi, hawalijui jedwali la saba?"

"Wanalijua. Nenda kaliombe, watakuimbia mpaka uwasihi wanyamaze."

"Sasa mbona vibao vitupu?"

"Wewe mtoto wa Unguja, ulikuwa unatazama vibao. Tazama midomo."

Kipindi kilichofuata nikatazama midomo. Swali likitajwa, midomo yote ilianza kucheza bila sauti, na miili ikayumba kidogo mbele na nyuma. Walikuwa wanaanza saba mara moja. Saba mara mbili. Saba mara tatu. Waliokuwa wepesi walifika kwa nane kabla ya pigo la pili. Wengine rula iliwakuta njiani.

Watoto wale walikuja kwetu wakitoka chuoni, ambako walijifunza kusoma Kurani kwa kuyumba na kurudia. Chuoni huingii katikati ya sura ukajisomea kipande unachokitaka. Unaanza mwanzo, na ukikatizwa unarudi mwanzo, na hiyo ndiyo adabu yake. Sisemi neno juu ya chuo. Kumbukumbu za watoto wale zilijengwa huko, nami nilikula matunda yake bila kupanda. Ila walilichukua jedwali kwa adabu ile ile, na hesabu haina adabu hiyo. Inakuuliza katikati.

Nilipanga kwa shangazi wa baba, kule Itsandra, na kila asubuhi nilikuja mjini kwa barabara ya pwani. Nilikuwa nimeshapewa darasa langu, na nimeanza kuokota vizibo vya soda ili watoto wavipange safu safu: safu saba, kila moja vizibo vinane, wavione wenyewe. Mfuko ulikuwa unalia kama kengele ya mbuzi. Siku moja nilisimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Alikuwapo askari wa pale kisiwani, na pembeni yake mmoja wa wale Wazungu, amevaa nguo nyeusi katika joto la kuiva.

"Nini hivi?" askari akauliza.

"Vizibo."

"Naona ni vizibo. Vya nini?"

"Vya kuhesabia."

Mzungu akasema kitu. Askari akanigeukia. "Anauliza unahesabu nini."

"Mimi sihesabu. Watoto ndio wanaohesabu."

"Watoto wanahesabu nini?"

"Saba mara nane."

Akamtafsiria. Yule Mzungu akachukua kizibo kimoja, akakigeuza, akakirudisha mfukoni polepole, akasema neno. Askari akacheka. "Anasema hiyo hata yeye ilimshinda. Pita, bweni."

Bweni ni bibi, kwa heshima. Nilipita. Kama ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini jioni nikawaza kwamba watoto wangu wanapita kizuizi kile kile kila siku, na asubuhi nikaandika ubaoni: gari moja limebeba askari sita, magari saba yamebeba askari wangapi? Vibao vilipanda kabla rula haijagonga mara ya pili. Arubaini na mbili, darasa zima. Lilikuwa swali la kwanza kuhusu kitu walichokuwa wamekihesabu wenyewe. Nilifurahi mpaka alasiri. Jioni mzazi mmoja alimwambia mtu, mtu akamwambia mtu, na kabla juma halijaisha alikuja bwana wa ofisini na karatasi ya uhamisho kwenda Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani.

"Kwa nini Mutsamudu?" niliuliza.

"Huko kuna magari machache," akajibu.

Fundi Bakari alinisindikiza hadi bandarini akanipa rula ya mti mweusi. "Usiyabadilishe mapigo kwa huruma," akasema. "Mtihani wa kuingia sekondari unagonga hivi hivi. Rula haimsubiri mtu." Akageuka akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiaga.

Mutsamudu nilipewa chumba na Koko Sandati, ndani ya mji wa kale. Koko ni nyanya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kuchagua maneno, na tangu aolewe alikuwa hajakanyaga barabara mchana. Asubuhi ya kwanza nilipojitayarisha kwenda shule aliniona nashuka ngazi za mbele.

"Bweni, unakwenda wapi huko?"

"Shuleni, Koko."

"Kwa barabarani? Kama mpagazi wa bandarini?"

Ndipo nilipojua kwamba mji ule una njia mbili. Ya chini ni vichochoro, vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Vinaanzia mlango wa msikiti na kuzunguka, na hiyo ni njia ya wanaume. Ya juu ni ya wanawake. Nyumba nyingi zimeunganishwa na jirani kwa wikio, kijumba cha kupitia kilichojengwa juu ya uchochoro, na mlango wake ni mfupi makusudi, lazima uiname. Mwanamke hutoka kwake akaingia kwa jirani, akasalimia, akatokea kwa jirani wa pili, asionekane na mtu wa barabarani. Wanaume wa chini husikia nyayo tu. Koko alinionyesha njia mpaka nyumba ya mwisho kabla ya shule, na njia nzima alinikumbusha: "Inama. Inama hapa pia." Niligonga kichwa mara ya kutosha kujifunza.

Mjukuu wake Zaliha alikuwa darasani kwangu, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Mtoto mpole, mwenye macho makubwa, aliyeandika vizuri na kusoma vizuri. Lakini rula ikigonga, midomo yake ilianza kutoka saba mara moja, na pigo la tatu lilimkuta saba mara tano. Kibao kilipanda kitupu, na nyuma yake uso wake ulikuwa unajificha.

Usiku mmoja Koko alinisogezea sahani ya wali, akaketi.

"Bweni, mama yake Zaliha ameolewa tena Mirontsy, ana watoto wadogo wawili na samaki wa kukausha. Amesema mtoto akifeli mtihani apelekewe. Mtoto ni wake, siwezi kumkatalia."

"Na akifaulu?"

"Akifaulu anabaki hapa, anaendelea na shule. Mama yake amekubali hilo, na mimi nimelishika." Akatazama mlango wa chumba alimolala Zaliha. "Sijui mambo ya rula yako. Wali najua kupika. Utakula mpaka uchoke, lakini usiniachie mtoto njiani."

Nilijaribu niliyokuwa nayo. Nilimletea vizibo, alivipenda, akavipanga vizuri, na rula ilipogonga akaanza saba mara moja. Nikamwimbisha haraka zaidi. Akaimba haraka na kuchanganyikiwa haraka. Nikamwambia afumbe midomo. Akaifumba, mtiifu, na koo lake likawa linacheza badala yake. Siku ile aliniuliza, "Bweni, Mirontsy wana shule ya jioni?" Nikamwambia akalale.

Ikaingia Ramadhani. Kabla ya futari kila nyumba hupeleka sahani kwa nyumba nyingine, na kazi hiyo ni ya wasichana. Jioni moja Koko alimpa Zaliha bakuli la uji na mimi sahani ya sambusa, tupeleke kwa mkwewe, upande wa pili wa mtaa. Zaliha akatangulia. Aliinama akapita wikio la kwanza, akasalimia kwa adabu ya huko, "Kwezi," akaitikiwa, akatokea ukumbini, akainama tena. Hakuwa akitazama mlango. Alikuwa ananisimulia habari ya paka. Tulipofika tukakuta mkwe hayupo, yuko kwa dada yake, nyumba ambayo hatukuipitia. Zaliha akageuka palepale, akakata kwa jirani mwingine nisiyemjua, na likawa limebaki wikio moja tu.

"Umejuaje njia ya kutokea kule?" nikamwuliza.

"Nyumba ya dada yake inapakana na ya Bi Mariamu. Na ya Bi Mariamu inapakana na ile tuliyotoka."

"Hukurudi kwa Koko ukaanza upya?"

"Nirudi kwa Koko!"

"Wala hukushuka ukaanzia mlango wa msikiti?"

Alicheka mpaka uji ukamwagika kwenye kidole gumba. "Bweni, nani anaanzia mlango wa msikiti? Hao ni wanaume."

Nilisimama mle ndani ya wikio na sambusa mkononi, nimeinama. Zaliha akaniuliza kama nimegonga kichwa.

Baada ya futari nilichukua kibao nikachora uchochoro unaoanzia mlango wa msikiti, na juu yake nyumba kumi. "Huu ni mtaa wa saba," nikamwambia. "Nyumba zipi unazijua bila kufikiri?"

Akafikiri kwamba ni mtego. Kisha akaonyesha ya tano. "Thelathini na tano." Akaonyesha ya kumi. "Sabini." Na ya saba, kwa sababu aliipenda ilivyojibizana: "Arubaini na tisa."

"Vizuri. Saba mara nane inakaa wapi?"

Midomo ikaanza. Nikaweka kidole juu ya mlango wa msikiti. "Huku ni kwa wanaume."

Midomo ikasimama. Akapitisha kidole juu ya nyumba zangu. "Inapakana na saba mara saba," akasema.

"Basi pita kwa jirani."

Nikamwona anainamisha kichwa, kidogo tu, kama mtu anayepita mlango mfupi na bakuli mikononi. "Arubaini na tisa," akasema polepole, "na saba... hamsini na sita."

Koko, aliyekuwa anakunja mkeka, aliuacha. Alinichotea wali tena.

Walimu wenzangu, hapa ndipo nilipotaka kufika. Kutoka siku ile sikumpa Zaliha jedwali zima. Nilimwuliza kwanza anajua zipi, tukazihesabu hizo kuwa nyumba za jamaa. Halafu kila siku tuliongeza nyumba moja mpya, mbili akiwa na furaha, na kila mpya ilipitiwa kutoka kwa jirani anayejulikana: tisa mara saba kwa kutokea kumi mara saba na kurudi mlango mmoja, sita mara nane kwa kutokea tano mara nane na kwenda mbele mmoja. Tulifanya kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, si zaidi, kisha nikamwacha acheze. Niliuliza za zamani katikati ya mpya, bila mpangilio, kama wageni wanavyobisha. Mwanzoni alipita polepole. Baadaye akapita kwa kasi. Na nyumba nyingine akaacha kabisa kupita, unamwuliza na tayari yumo ndani ameketi. Wataalamu wana majina ya hali hiyo. Mimi niliijua kwa kutazama midomo. Nikawafundisha na wengine hivyo, na wasichana wa mji wa kale walielewa upesi. Wavulana niliwachorea nyavu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kichwa aliendelea kukiinamisha. Sikumkataza. Sikuona ubaya wake.

Siku ya mtihani ilifika, na msimamizi aliyevuka kutoka Moroni alikuwa Fundi Bakari, na mikunjo yake ya pasi. Walimu hawakuruhusiwa ndani. Nilisimama uani, karibu na dirisha, na wenzangu wawili waliojifanya wanatazama mbuzi. Nilisikia sauti ile. "Saba mara nane." Pigo la kwanza. Zaliha alikuwa mstari wa pili, nikamwona anainama. Midomo yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyelala. Pigo la pili, akaandika. La tatu, kibao kikapanda.

Swali lililofuata akainama tena. Na la tatu. Hapo rula ikanyamaza.

"Wewe, mstari wa pili. Simama."

Akasimama.

"Una nini chini ya meza?"

"Sina kitu, fundi."

"Kila nikiuliza unatazama chini. Onyesha mikono." Akaonyesha. Fundi Bakari akaenda mwenyewe, akainua meza, akatazama, akaishusha. "Utajibu kwa mdomo, na mimi nikikutazama. Tisa mara saba."

Kichwa kikaenda chini. "Sitini na tatu."

"Nimesema nikutazame. Weka kichwa juu. Sita mara nane."

Zaliha akanyoosha shingo. Nilimwona anajitahidi. Kichwa kilikuwa juu, kimekazwa kama cha mtu anayepigwa picha, na chini yake midomo ikaanza kucheza. Sita mara moja. Sita mara mbili. Alikuwa ameshuka barabarani. Nilishika chuma cha dirisha na nikaona Mirontsy yote, pamoja na samaki wake.

"Nangoja," Fundi Bakari akasema, yeye ambaye hajawahi kungoja.

Midomo ikasimama. Zaliha akasema kwa sauti ndogo, lakini darasa lilikuwa kimya na hata uani tulisikia: "Fundi, nisipoinama nitagonga kichwa."

Wasichana wakacheka. Si kwa kumdhihaki. Walicheka kama watu wa nyumba moja. Wavulana waliangaliana. Fundi Bakari aliwatazama wasichana, kisha wavulana, na kisha, sijui kwa nini, akatazama juu, kwenye dari, kama mwanamume anayepita uchochoroni akasikia nyayo juu ya kichwa chake. Moroni nako kuna mji wa kale. Naye alikuwa na mama na dada.

"Haya," akasema. "Inama."

Akainama. "Arubaini na nane."

"Kaa, mwanangu." Akarudi mezani, akachukua rula. Mapigo yake yalikuwa yale yale, hayakupungua hata kidogo.

Jioni alikuja kumsalimia Koko, wakaongea ukumbini kupitia pazia. Akaniuliza nimefundisha nini. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuiona njia yenyewe. Koko akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba haiwezekani, mle ni njia ya wanawake, na fundi ni mrefu mno.

Majina ya waliofaulu yalisomwa uani mwa shule, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Zaliha alikuwa ameniganda mkononi. Nilikuwa nimemwambia Koko abaki nyumbani, nitamtumia habari kwa njia ya juu, zingefika kabla hatujafika sisi. Lakini nyumba ya mwisho haipakani na shule. Kutoka pale hakuna wikio. Kuna barabara tu.

Nilimwona Koko kwanza kwa rangi, ile nguo nyekundu ambayo wanawake wa Ndzuani hujitanda, shiromani. Watu wa uani waligeuka kutazama. Hakuwa amepitia kwa majirani hata akashukia nyumba ya mwisho, kama ningefanya mimi. Baadaye waliomwona waliniambia alishuka ngazi zake za mbele, akaenda hadi mlango wa msikiti, na kutoka hapo akafuata uchochoro wote, duka kwa duka, wanaume wakijibana ukutani kumpisha. Nikamwuliza siku nyingine kwa nini. Akasema kama unakwenda kusikia jambo kubwa, unakwenda wazi.

Jina la Zaliha lilikuwa limeshasomwa. Mtoto akaniachia mkono akakimbia. "Koko! Nimo!"

Mlango wa shule ile ulijengwa na serikali, mrefu na mpana, lori lingepita. Koko Sandati alifika mbele yake, akajikusanya nguo, akainamisha kichwa, akaingia.